Shemeji Alinipandia Miti Mia Tatu

"Hii miti ni miye niliipanda. Na mwenye kupanda muti ndiye mwenye udongo."

Maneno ya shemeji yangu Déogratias hayo, mbele ya batu ya komini, serikali ya hapa kwetu, amesimama katikati ya shamba YANGU. Nikashika mupini ya jembe na mikono yote mbili...

Bandugu, mi naitwa Rosette, niko mujane, naishi hapa Lweba. Bwana yangu aliniachia batoto bane na ile shamba moja tu. Mihogo tunakula inatoka mule, feza ya masomo inatoka mule. Ikienda, tumekwisha.

Sasa musikilize vile nilijiingiza mu mutego na miguu yangu mwenyewe.

Mwezi wa kumi, komini ilitangaza kama iko na feza ya kusaidia vikundi vya kupanda miti. Ila miti iwe imekwisha kupandwa siku komite itakuja kuangalia, na ile udongo isikuwe na mugogoro.

Kikundi yetu ya bamama ilitafuta mahali, ikakosa. Mama Fanny, prezida wetu, akaniomba kilima yangu. Nikakubali.

Déogratias, mudogo ya marehemu bwana yangu, akafurahi kunipita miye. Akaleta miche mia tatu ya grevilea, ile miti ya mbao, kutoka muji wa Baraka, alinunua na feza yake, akasema anafanya kwa heshima ya kaka yake.

Bamama bakachimba, bakapanda. Mi nilikuwa nabapikia. Yeye alisimama pembeni, anapiga picha na telefone.

Na miye nikamuombea baraka, mujinga wa mwisho!

Kama hauko wa kwetu, nikuambie. Huku unaweza kumuazima muntu udongo alime maharagi hata miaka kumi. Lakini muti, hapana. Mwenye kupanda muti anasema udongo ni yake, na bazee banamukubalia. Ile neno najua toka utoto. Lakini ilikuwa shemeji, damu ya bwana yangu... nikasahau kuogopa.

Asubuhi ya siku komite inakuja, shemeji akanikuta jikoni. Hakupandisha sauti. Akanionyesha karatasi ya Kifaransa ya kununulia miche, yenye jina lake, na zile picha za miti nyuma yake. Akasema pole pole:

"Ukifungua kinywa, proje ya miti inakufa. Na ikikufa, bamama makumi tatu batakuuliza we."

Nikifikiri kunyamaza, naona batoto bangu inje na mikeka yao. Nikifikiri kusema, naona sura za wale bamama...

Basi, turudi pale kilimani nilipoanzia. Muntu wa komini, papa Patrice, alisikia maneno ya shemeji, akaandika jina la Déogratias. Halafu akauliza:

"Kuko mugogoro juu ya hii udongo?"

Shemeji ananitazama, anacheka kidogo.

Sauti ikatoka ndogo, ya mugonjwa:

"Iko. Hii shamba bwana yangu aliniachia miye na batoto."

Papa Patrice hakubishana. Akafunga kitabu, akasema basi ile feza itaenda kwa kikundi ingine, ya kijiji ya Lubondja. Bakashuka zao.

Bandugu, pale niliogopa kupita siku zote. Bamama makumi tatu, jembe mukononi, na miye ndiye nimebapotezea feza. Mama Fanny akaanza kuja kwangu. Nikafunga macho.

Akanipita.

Akainama, akachimbua muche wa kwanza pole pole, mizizi na udongo yake.

"Déo, huu nilipanda miye. Nionyeshe wako, hata moja."

Mama mwingine akachimbua. Na mwingine. Mbele ya saa sita, kilima ilikuwa mashimo matupu, na Déogratias hakubakia na muti hata moja wa kushitakia.

Nikamuuliza mama Fanny, nikilia, kama banaweza kunisamehe. Akasema ile feza imebauma, tena sana. Halafu akasema:

"Lakini tuko bajane kumi na moja mu hii kikundi. Unafikiri bashemeji betu bako namna gani?"

Kumbe! Ile siku kila mujane alibeba miche yake, akapanda ku mupaka ya shamba yake mwenyewe, muchana, akiita bajirani baone. Miye balinipa makumi mbili, nikachimba mashimo mpaka mikono ikatoa malengelenge.

Miti Déogratias alinunua ili aninyang'anye shamba, leo inalinda mashamba ya bajane kumi na moja.

Lakini bado naogopa, sibadanganyi. Nikisikia pikipiki inapanda kilima, natoka inje kuangalia kama ni Déogratias.

Dada yangu unayesoma hapa, muntu akikuja kukupandia muti bure mu shamba yako, mushukuru. Chakula, mwingine apike. Jembe, shika we mwenyewe.