Sentimita Sitini

— Usipigilie msumari hapo.

Bi Futi aliganda, nyundo iko juu, misumari miwili ameibana midomoni. Alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu katika nyumba ile ya seremala hapakuwa na kigoda hata kimoja. Mume wake alikuwa mlangoni, vumbi la mbao limemjaa kichwani, na sauti aliyoitoa haikuwa ile aliyoizoea kwa miezi minne ya ndoa.

Akaitoa misumari mdomoni.

— Ni mfuko wa kutundika tu, mume wangu. Nimeushonea vifuko kumi na viwili. Nyuzi huku, vifungo huku, mikasi huku.

— Tundika nyuma ya mlango.

— Nyuma ya mlango kuna viatu, mwavuli na pasi. Umeviweka mwenyewe.

— Basi subiri. Jumamosi nitakutafutia mahali. Ukuta huo mbao zake zimeoza, hauhimili msumari.

Akaichukua nyundo mkononi mwa mkewe, taratibu, akaenda nayo karakana.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbao, lakini nyumba njema si mlango. Kitanda kilisimama ukutani asubuhi, na upande wake wa chini ukawa rafu ya vitabu. Ndani ya benchi mlikuwa na droo sita. Meza ilishuka kwa bawaba, ikapanda kwa bawaba. Kioo kirefu kilikaa mkabala na dirisha la pekee, hata mgeni akidhani kuna chumba cha pili. Wateja wa seremala walikuja kupiga picha, wakatoka wakitikisa vichwa. Kila ukuta ulikuwa na kazi saba. Ule wa nyuma tu ndio uliokuwa mtupu, mweupe, hauna hata kalenda.

Ila nyumba ya namna hiyo ina adha zake. Ukitaka kumpa mwenzako mgongo, shurti kwanza ukunje meza.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Bi Futi hakumwambia mtu. Rafu zote zilikuwa juu kuliko mkono wake, kwa kiasi cha shubiri moja. Hazikuwa juu ovyo. Zilikuwa juu kwa mpango, kama gauni lililoshonwa vizuri kwa mwili wa mtu mwingine. Yeye alikuwa fundi cherehani. Futi ya kamba haikubanduka shingoni mwake, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kila aliponyoosha mkono na vidole vikaishia hewani, alijua kabisa bega la mwanamke aliyekuwa akizifikia kabla yake lilikuwa wapi, na kiwiko chake wapi.

Mchana, bati likipata moto, ukuta ule mtupu ulilia: kwaa, kisha kimya, kisha kwaa. Kama mtu aliyekaa muda mrefu akijigeuza kitini. Na kila asubuhi, kabla ya kutoka, seremala alipita pale na kuubandika kiganja, kama anayempapasa mgonjwa kujua homa imeshuka.

Siku hiyo hiyo simu ililia. Ujumbe wa dada yake:

"Mdogo wangu, baraza langu limepata mpangaji. Anaingia Jumamosi. Cherehani yako ije huko au iende kwa mtu. Nisamehe."

Jioni, wakila, alimsomea mume wake.

— Jumamosi tutaona, akasema seremala.

— Tutaona nini? Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

— Bi Futi, nyumba unaiona. Cherehani na meza yake ni sentimita hamsini. Nitoe wapi hamsini mimi? Nikitanue chumba kwa pumzi?

— Watu wanasema unaweza kuficha tembo ndani ya droo.

— Tembo anakunjika. Cherehani haikunjiki.

Alitaka acheke. Bi Futi hakucheka.

— Nisikilize. Nilipokuwa sina mume, cherehani ile ndiyo ilikuwa mume. Imenilisha miaka kumi na moja. Pasipokaa cherehani yangu, mimi nakaa wapi?

— Unakaa hapa. Na mimi.

— Hapa nimesimama juu ya ndoo, mume wangu. Sijakaa bado.

Seremala alikunja meza. Wakalala migongo imeelekeana.

Alhamisi mchana alikuja wifi yake, dada mkubwa wa seremala, mwanamke mwenye ulimi ambao haukuwahi kupata likizo. Alimkuta Bi Futi juu ya ndoo, akijaribu kukitoa kikombe rafuni kwa mwiko.

— Haya, wifi. Unachuma maembe?

— Nachuma vikombe. Karibu.

— Marehemu mke wa kwanza alikuwa akivifikia bila hata kuinua kisigino. Wifi akaketi kwenye benchi, akatazama huku na huku. — Na kigoda chake kimekwenda wapi? Alikuwa na kigoda kizuri, cha miguu mitatu. Alipozidiwa hakuwa akikiacha.

— Sijakiona kigoda humu tangu niingie.

— Ajabu. Kaka yangu hatupi hata ganda la kiberiti.

Ukuta ukalia: kwaa.

Wote wawili wakaugeukia. Wifi, ambaye kwa kawaida hukosi neno kwake, alijikusanya nguo magotini.

— Ni bati, akasema.

— Ndivyo ninavyoambiwa.

Bi Futi alishuka kwenye ndoo. Akaenda akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Akaugonga ule wa kushoto. Akarudi. Ule wa kushoto ulijibu kama ubao. Huu ulijibu kama ngoma.

Akaivua futi shingoni. Futi ya fundi nguo ni mita moja na nusu. Akapima sakafu kutoka ukuta wa mlango hadi ukuta mtupu: futi moja, mbili, tatu kamili. Mita nne na nusu.

— Wifi, njoo nje unishikie ncha.

— Unaishonea nyumba gauni?

— Nataka kujua kiuno chake.

Walipima upande wa nje, jua la mchana kichwani, wifi akishika ncha na kunung'unika. Futi tatu, na sentimita sabini juu yake. Bi Futi akarudia. Akarudia tena, kwa sababu amewahi kuona harusi ikiharibika kwa kosa la inchi moja. Mita tano na ishirini. Kuta mbili za mbao ni sentimita kumi. Ndani zilipasa kuwa mita tano na kumi.

— Wifi, umewahi kuona nyumba inayomeza sentimita sitini?

Wifi aliiachia ncha ya futi kama imemchoma. Utani wote ulimtoka.

— Mimi sijui kitu. Kwa haki kabisa sijui. Baada ya mazishi alijifungia siku tatu, tukasikia anapiga randa. Tukasema mwacheni, kazi ni dawa. Akaufunga mtandio wake. — Mpigie mwenyewe. Mimi nakwenda.

Bi Futi hakupiga. Aliandika:

"Nje tano na ishirini. Ndani nne na nusu. Kuta ni kumi. Sitini ziko wapi? Nataka jibu kabla sijaenda kwa dada. Nikienda na futi yangu shingoni, sirudi."

Jibu halikuja. Alikaa kwenye benchi, mkoba wake miguuni, akiutazama ukuta, na kwa mara ya kwanza aliona kuwa ukuta nao ulikuwa ukimtazama yeye muda wote.

Seremala alifika akihema, randa bado mkononi. Karakana yenyewe ilikuwa umbali wa kutembea nusu saa. Hakutembea.

— Uliniambia zimeoza, akasema mkewe.

— Nilikuambia.

— Zimeoza?

— Hapana.

— Kuna nini nyuma yake? Bi Futi akainuka. — Nakuuliza kama mke. Ulimzika humu?

— Nilimzika makaburini, kila mtu anajua. Aliweka randa juu ya meza. — Humu nilimwacha tu.

— Fungua.

— Sijafungua tangu siku ile. Miaka mitatu.

— Fungua, au nifungue mlango mimi nitoke.

Alichukua bisibisi. Skrubu zilikuwa nne, zimefunikwa kwa rangi, na hata mkewe aliyezoea kutazama mishono hakuwa ameziona. Ya kwanza ililia. Ya pili ilikatika kichwa. Ukuta wote ukasogea kama mlango wa kabati, hewa ya zamani ikatoka, hewa ya mkaa na dawa ya kuchua kifua.

Ndani palikuwa na kigoda. Cha miguu mitatu, kimekaa upande kidogo, kama mwenye kukalia ameinuka kuitikia hodi. Juu yake kipande cha mkaa. Basi.

Kisha macho ya Bi Futi yakazoea kiza, akaona ukuta wa kweli nyuma ya kigoda. Ulikuwa umechorwa dirisha. Mistari ya mkaa, ya mkono usio na nguvu, fremu imepinda upande mmoja. Hata pazia alilichora, na mikunjo yake. Chini ya dirisha kulikuwa na vijistari vifupi, vimesimama wima bega kwa bega.

— Alikuwa na kifua, seremala akasema. Alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba kuna aliyelala. — Akawa anakaa pale mchana kutwa. Akaniambia, mume wangu, nitobolee dirisha upande huu nipate hewa. Nikasema, Jumamosi. Wakati huo nilikuwa na madirisha arobaini ya jengo la watu. Jumamosi ikaja na kazi zake. Nikasema Jumamosi ijayo. Siku moja nimerudi nikakuta amelichora mwenyewe. Akaniambia, nimekuonyesha pa kukata, usije ukasema hujui vipimo.

— Na hivi vijistari?

— Ni Jumamosi.

— Ngapi?

— Mimi sikuzihesabu. Yeye alizihesabu.

Bi Futi alipiga magoti akavigusa kimoja kimoja. Vilikuwa thelathini na kimoja. Cha mwisho kilikuwa kifupi, hakikufika chini.

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wazee, na watu hucheka wanapoisikia. Bi Futi hakuona cha kuchekesha.

— Daktari alisema dirisha lisingemponya, seremala akaendelea. — Najua. Lakini lingempa hewa. Baada ya mazishi nilitaka nikiondoe kigoda, mkono ukakataa. Nikaona bora nijenge mbele yake. Nilidhani nikisikia ubao unalia nitajua ni ubao.

— Na unajua?

— Kila siku sijui.

Bati lilikuwa limepoa, na safari hii hakuna kilicholia.

— Nakuuliza jambo moja, Bi Futi akasema. — Cherehani yangu uliniambia itaingia lini?

Seremala akaketi sakafuni, mtu mzima yule mwenye mikono ya kuinua milango, akauinamisha uso magotini.

— Jumamosi, akasema.

— Na mfuko wangu?

— Jumamosi.

Bi Futi aliusukuma mkoba wake kwa mguu, ukaingia chini ya benchi. Akachukua kipande cha mkaa juu ya kigoda, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe, akakikunja kiganja.

— Leo siku gani?

— Alhamisi.

— Basi kata leo.

— Nikikata nitaufuta mkono wake.

— Ukifuata mstari wake, hufuti. Mimi nafuata mistari ya chaki kila siku, najua nisemalo.

— Umepinda.

— Kata ulivyopinda. Ndivyo alivyokupa vipimo.

Alitoboa pembe kwa keekee, akaingiza msumeno mwembamba. Alikata polepole kuliko alivyowahi kukata kitu cha mteja yeyote, na pale mstari ulipotetemeka, msumeno nao ulitetemeka. Bi Futi alilishika bao kwa ndani lisianguke. Lilipoachia, mwanga wa alasiri uliingia wote kwa pamoja, ukapita kichwani pa kigoda, ukagonga kioo kirefu na kurudi. Chumba kikawa na vumbi la dhahabu na watu wawili wanaopiga chafya.

— Hili nitaliweka wapi? seremala akauliza, amelikumbatia bao lenye pazia la mkaa. — Siwezi kulichoma.

— Wewe si ndiye unayesema kila kitu cha nyumba ndogo kiwe na kazi mbili? Lifunge bawaba. Liwe kifuniko cha dirisha. Mchana liko wazi, jioni ukilifunga, dirisha lake linatazama ndani.

Seremala aliliegemeza bao ukutani.

— Wewe hukasiriki?

— Nimekasirika sana. Ungeniambia, nisingeishi miezi minne na mtu nisiyeamkiana naye. Lete bawaba.

Cherehani ilikuja Ijumaa asubuhi juu ya mkokoteni, na dada yake Bi Futi nyuma yake, ameshika gurudumu la cherehani kama mama anayemsindikiza bibi harusi. Iliingia chini ya dirisha, pale ukuta wa uongo ulipokuwa umeng'olewa, na kubakiza sentimita kumi. Bi Futi alikivuta kigoda cha miguu mitatu, akakipangusa, akakikalia. Hakikuyumba. Wifi alipopita barabarani alisimama, akaona dirisha mahali ambapo hapakuwa na dirisha, na ndani yake mwanamke anashona. Ikawa mara ya pili wiki hiyo kukosa neno.

— Zimebaki rafu, seremala akasema nyuma yake. — Hizo nitazishusha Ju...

Akajikatiza. Akachukua penseli sikioni.

— Simama ukutani.

— Mimi?

— Wewe. Wima. Nyosha mkono.

Bi Futi aliinuka. Miaka kumi na moja alikuwa amepima mabega ya wanawake wa kila namna, wanene, wembamba, wanaocheka, wanaolia, na hakuna siku mtu yeyote aliyempima yeye. Hakujua aweke macho wapi. Alisikia ncha ya penseli ikipita juu ya bega lake, kando ya kiwiko, kwenye ncha za vidole. Bati likapata moto. Karibu nao, pale palipokuwa na ukuta wa uongo, mbao zikalia: kwaa.

Penseli ikasimama.

— Usiache, Bi Futi akasema, bila kugeuka. — Anatupisha.