Jino Lililonyamaza

Fundi Makochi alifungua karakana yake kabla ya duka lolote la mtaa ule. Alitoa nje meza ya kukatia vitambaa, akapanga nyundo, mkasi na koleo, kisha akaanza kazi. Makochi yaliingia pale yamelegea, yakatoka yamenyooka kama bwana harusi.

Wiki ile alikuwa na viti kumi na viwili vya hoteli. Lakini kwa siku tatu nyundo yake haikusikika sana. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa linamwonyesha cha mtema kuni. Akinywa chai, linapwita. Akinywa maji baridi, linachoma. Na upande wa kulia hakuwa na pa kutafunia. Magego mawili ya huko yalikwisha kung'olewa.

"Kesho naenda kuling'oa," alimwambia mkewe, ameshika shavu.

"Ukishaling'oa hilo utatafunia nini? Masikio?"

"Nitakunywa uji."

"Mpaka lini, baba watoto?"

Fundi alijimiminia maji. Alimeza vidonge viwili vya maumivu, akarudi kwenye viti vyake.

Mchana ule jirani yao alikuja kuchukua kochi lake. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya meno, na rafiki mkubwa wa mke wa Fundi.

"Shemeji, shavuni humo umeficha yai?" alitania.

Fundi alicheka upande mmoja tu wa mdomo. Upande wa pili ulikataa.

"Hebu fungua kinywa." Muuguzi aliwasha tochi ya simu, akachungulia. "Lina tundu kubwa. Lakini kuta zake bado ni imara."

"Kesho ninaling'oa."

"Nani kakwambia ling'olewe?"

"Jino bovu dawa yake si koleo?"

"Si kila mara, shemeji. Ndani ya jino mna kiini laini chenye mishipa. Vijidudu vimepita kwenye tundu vikakifikia. Ndiyo maana linapwita. Daktari anaweza kukitoa hicho kiini na kukuachia jino lako."

"Na hivi vidonge?"

"Vinakupoza kwa saa chache tu. Ugonjwa uko palepale. Njoo kliniki kesho asubuhi."

Fundi alitazama koleo lake mezani. Akafikiria uji, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Akakata shauri: atakwenda.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alimpiga Fundi picha ya eksirei, akamwonyesha.

"Jino hili lina mizizi miwili. Ndani yake mna mifereji mitatu, myembamba kama uzi. Tutaisafisha, tutaiziba, kisha tutalivika jino kofia."

"Itauma?"

"Nitakuchoma sindano ya ganzi kwanza. Ukisikia maumivu, inua mkono. Nitaacha hapohapo."

Fundi alipiga moyo konde, akalala kwenye kiti. Ganzi ilipokolea, shavu likawa zito kama si lake. Daktari alitandika mpira mwembamba kuzunguka jino, ili mate yasiingie ndani. Kisha akachukua vijisindano vyembamba, akasafisha mfereji mmoja baada ya mwingine. Aliosha kwa dawa, akapima, akaosha tena. Fundi hakuinua mkono hata mara moja.

"Nimekuona unapimapima," alisema alipotolewa mpira, ulimi bado mzito.

"Nisipopima, nitaacha uchafu chini, au nitapitiliza mzizi."

"Kumbe na wewe ni fundi!"

Daktari alicheka. "Basi sikiliza, fundi mwenzangu. Nimeweka dawa na kuziba kwa muda tu. Kazi haijaisha. Rudi baada ya wiki mbili."

Baada ya siku chache maumivu yote yalikwisha. Fundi alirudi kwenye viti vya hoteli kwa kasi. Siku ya miadi ilifika, ikapita.

"Hukwenda?" mkewe aliuliza.

"Haliumi tena. Nitakwenda nikimaliza viti."

Wiki zikapita. Siku moja, akitafuna, alihisi kitu kama changarawe mdomoni. Kilikuwa kipande cha ile dawa ya kuzibia. Akakitema, akaendelea kula. Siku ya nne aliamka shavu limefura, jicho la kushoto limebaki nusu.

Mkewe alimkimbilia muuguzi kabla hajaenda kazini.

"Shemeji," muuguzi alisema, bila utani safari hii, "jino lilinyamaza, halikupona. Una homa? Unameza vizuri?"

"Sina homa. Nameza."

"Afadhali. Uvimbe ukishuka shingoni, au ukashindwa kumeza au kupumua, hospitali mara moja, usingoje. Sasa chukua shati, twende wote."

Kliniki, Fundi aliketi ameinamisha kichwa. Daktari alikagua kwa muda mrefu.

"Una bahati, halijapasuka. Lingepasuka, huenda ningelazimika kuling'oa."

"Nimekosa, daktari. Nipe tarehe zote. Hata moja sitaikosa."

Daktari alifungua jino, akatoa usaha, akasafisha upya. Fundi alirudi karakana na kuandika tarehe kwa chaki kwenye mlango, herufi kubwa kama tangazo. Kisha akampigia simu meneja wa hoteli.

"Jumanne sipo. Viti vinne vilivyobaki utavipata Jumatano."

"Fundi, wageni wanakuja!"

"Wakalie vile vinane. Jumanne ni ya jino langu."

Jumanne alikuwa wa kwanza kufika kliniki. Uvimbe ulikuwa umekwisha na mifereji ilikuwa mikavu. Daktari aliiziba kwa mpira maalumu mpaka mwisho wa mizizi, akapiga picha nyingine kuhakikisha. Miadi iliyofuata alilijenga jino lililoliwa, akachukua kipimo cha kofia.

"Kwani bila kofia haliwezi kukaa?" Fundi aliuliza.

"Limebaki kuta tu. Ukilitafunia hivyo litapasuka. Kofia italishika pande zote."

Mwisho ukafika. Kofia iliingia ikakaa sawasawa. Daktari alimwambia apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini ya kuimarisha meno, na asafishe katikati ya meno kwa uzi wake maalumu.

Jioni hiyo Fundi alikula nyama. Alitafuna taratibu, kisha kwa nguvu. Mkewe alimtazama mpaka akamaliza sahani.

"Vipi?"

"Niongezee."

Tangu hapo nyumba nzima ilipiga mswaki pamoja, asubuhi na kabla ya kulala. Jumapili moja Fundi aliwasha tochi, akaanza kuwakagua vinywa mmoja mmoja. Alipofika kwa mkewe, akasita.

"Mama watoto, una doa jeusi kwenye gego la juu."

"Haliumi."

"Ndiyo maana tunakwenda mapema."

Alhamisi wakaenda wote wawili. Daktari alisafisha kitundu kidogo, akakiziba. Hata nusu saa haikufika. Mke wa Fundi aliteremka kwenye kiti, akapapasa jino kwa ulimi.

"Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha," alisema Fundi, akamfungulia mlango.