Mwanafamilia wa Nne

Saa kumi na mbili kasoro za jioni fundi wa kamera alikuwa bado juu ya ngazi, anatoboa ukuta juu ya mlango wa nyuma, na vumbi la saruji lilikuwa likimwangukia mama mkwe wangu kwenye kitambaa cha kichwa.

"We Antena," mama mkwe akamwambia, "kwa urefu huo ulionao, ngazi ya nini?"

"Ngazi ni heshima ya kazi, bibi. Nikitoboa nikiwa chini mtasema sijafanya kitu."

Binti yangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Nilitazama saa, kama ninavyofanya kazini kitu kinapobadilika ghafla.

Nyumbani tunamwita Chiriku. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki. Ana miaka saba. Mke wangu alifariki miezi minne kabla ya jioni hiyo, baada ya wiki tisa kitandani, na kuhusu wiki hizo sitaandika. Mimi ni mpimaji wa maji katika maabara. Nyumbani huwa nafika saa moja usiku. Mama mkwe alihamia kwetu kutusaidia, lakini masikio yake yamechoka. Siku moja jirani alimkuta Chiriku amesimama peke yake kwenye mlango wa nyuma, mlango uko wazi. Alipoulizwa alisema kuna mtu anabisha kila jioni. Amefungua, mtu haingii. Anasimama tu.

Nilikuwa nimebakiwa na mmoja. Kesho yake nilikwenda kununua kamera mbili.

Moja Antena aliifunga juu ya mlango wa nyuma, inatazama ua na geti. Ya pili aliiweka ndani, mwisho wa korido, inatazama milango ya vyumba. Aliziunganisha na ruta, akabadilisha nywila ya kiwandani, akaitazama ile niliyoandika mimi, akaguna.

"Mzee, hii ni tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, sio?"

"Ndiyo."

"Mwizi naye ataanza na hiyohiyo. Weka kitu ambacho hata wewe kitakupa shida."

Nikabadilisha. Kisha akanionyesha sehemu ya sura kwenye simu.

"Hapa unaingiza watu wa nyumbani. Kamera ikimjua mtu inamwekea kisanduku cha kijani na jina, inaandika saa aliyoingia na saa aliyotoka, basi, haikusumbui. Isipomjua, kisanduku chekundu, na simu inapiga kelele. Sasa, mzee, ingiza wanaokaa humu tu. Watu wengine wanaingiza shemeji, rafiki, mpaka fundi bomba. Halafu wanashangaa simu iko kimya na nyumba imejaa watu."

Alipoondoka nilikaa mezani na Chiriku. Nikajiingiza mimi. Nikamwingiza mama mkwe, aliyegoma kuvua miwani. Nikamwingiza Chiriku, ambaye kwenye picha ya kwanza alitoa ulimi. Kioo kikaandika: Wanafamilia 3. Chini yake kulikuwa na alama ya kujumlisha.

"Na mama?" Chiriku akauliza.

Nina shahada mbili. Jibu sahihi nililijua, na lilikuwa fupi. Badala yake nilifungua picha za zamani, nikachagua moja ambayo mke wangu ameangalia kamera moja kwa moja. Programu ilichukua sekunde mbili kuikubali. Kwenye nafasi ya jina nikaandika: Mama.

Wanafamilia 4.

Sikuwa na hoja yoyote. Sikutaka tu nyumba ituhesabu watatu.

Ilikuwa Jumatatu. Simu ilikaa kimya wiki nzima, nami nikaridhika. Ijumaa, kazini, nikisubiri sampuli zipoe, nilifungua orodha ya matukio kwa sababu sipendi chombo nisichokikagua.

Jumanne. Mama. Ameingia. 12:41 jioni.

Jumatano. Mama. Ameingia. 12:41 jioni.

Alhamisi, vilevile.

Nilifunga mlango wa ofisi. Nikagusa picha ya Jumanne.

Ua ulikuwa mtupu. Mlango wa nyuma ulifunguka kutoka ndani, na Chiriku akatokea, ameshika kitasa. Akainua uso. Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na kisanduku cha kijani, kimezunguka hewa, na juu yake neno Mama.

Nikapandisha sauti.

"Ingia," binti yangu alinong'ona. "Baba ameshakuandika."

Kisanduku kikapita mlangoni. Mlango ukafungwa.

Jambo moja niliona, na niliseme wazi kwamba niliona. Kisanduku kile kilikuwa karibu na fremu ya juu ya mlango. Mke wangu alikuwa ananifika begani.

Nilimpigia Antena. Akasema ni kivuli, au mdudu mbele ya lenzi, nipunguze usikivu. Nilisema sawa. Sikupunguza. Niliomba ruhusa ya kutoka mapema.

Nilifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango wa nyuma. Jua lilikuwa limeshazama, na jikoni mama mkwe alikuwa anaosha vyombo. Ilipofika 12:41 Chiriku aliacha daftari lake la shule, akaja, akafungua. Hakunitazama. Upepo haukuwepo... lakini nikasikia harufu ninayoijua vizuri. Ni harufu ya maji yaliyosahaulika kwenye chupa iliyofungwa.

"Ni wewe?" nikanong'ona.

Nikavuta miguu kuacha njia.

"Kama ni wewe, karibu."

Kitu kilinipita. Sikukiona. Ubao wa sakafu ya korido ulilia mara moja, kisha mara ya pili, mbele zaidi.

Nilifurahi. Lazima niandike hilo pia. Nililala usiku ule usingizi mzito kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne.

Nikaendelea hivyo siku saba zaidi. Kwa mazoea ya kazi nilipima: upana wa mlango naujua, kwa hiyo urefu wa kisanduku ulikuwa hesabu rahisi. Sentimita mia mbili na tatu. Siku iliyofuata tisini na sita, na kilikwenda polepole, karibu na ardhi. Siku iliyofuata mia na sabini na moja. Niliandika tarakimu hizo safu moja chini ya nyingine, kwa mwandiko wangu mzuri. Takwimu nilikuwa nazo. Nilichofanya ni kutozisoma.

Wala sikutaka kuona kwamba neno Ametoka halikuwemo hata mara moja kwenye jina la Mama.

Na Chiriku alinyamaza. Si ghafla. Kwanza aliacha kuuliza maswali, kisha akaacha kujibu. Chakula alikizungusha kwenye sahani. Mwalimu wake aliandika kwamba anasinzia darasani akiwa amefumbua macho. Nilisema ni huzuni. Nilimwambia mama mkwe maneno ya kitaalamu kuhusu watoto na msiba, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono.

"Baba, nimetoka kumwogesha," akasema. Ilikuwa Ijumaa ya pili, magharibi. "Maji yalikuwa ya moto mpaka mimi mwenyewe yaliniunguza. Yeye ametoka humo baridi kama sakafu. Nionyeshe hicho kitu unachokitazama kila jioni."

Nilimpa simu. Aliisogeza mbali na miwani, akasoma taratibu, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari.

"Mama nani?"

"Mwanao."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwanangu nilimfumba macho kwa mikono hii," akasema. "Nikamwosha. Nikamwona anashushwa. Huyu uliyempa jina lake ni nani?"

"Mama, ni mashine tu. Inakosea."

"Mashine iliandika? Si wewe?" Akaweka simu mezani kama kitu kinachouma. "Sikia. Kuna wanaozunguka nyumba za watu miaka na miaka. Wanabisha. Hawaingii, kwa sababu ndani hakuna anayewajua. Mtoto alikwambia, haingii, anasimama tu. Sasa wewe umechukua jina la marehemu, jina lisilo na mtu, ukalitundika mlangoni. Ulifikiri atakuja kulivaa mmoja?"

 Nikatazama safu ya tarakimu. Urefu mbalimbali, wote kumi na mmoja.

Kumi na mmoja wameingia.

"Lifute," mama mkwe akanong'ona. "Lifute sasa hivi."

Nilifungua orodha ya sura. Mke wangu alinitazama kutoka kwenye duara dogo, akicheka kitu nilichokuwa nimesema siku ile, ambacho sikikumbuki. Programu iliuliza kama nina uhakika. Kidole changu kilikataa. Mama mkwe alinishika kifundo cha mkono, nasi wawili tukakisukuma pamoja.

Wanafamilia 3.

Taa ya jikoni ilikuwa inavuma. Sikuwahi kuisikia kabla.

Kisha simu ikapiga kelele.

Mtu asiyejulikana. Korido.

Tena. Mtu asiyejulikana. Korido.

Tena. Tena. Tena...

Nilifungua picha ya korido. Kutoka tulipokaa, mlango wake ulikuwa hatua sita. Korido ilikuwa tupu. Niliiona kwa macho yangu, taa inawaka. Kwenye simu ilikuwa imejaa. Visanduku vyekundu, vingine virefu mpaka dari, kimoja chini kabisa kwenye sakafu, vimepandiana, vimebanana kwenye mlango wa chumba cha binti yangu kama watu wanaosubiri kuitwa. Nilihesabu. Sikuhitaji kuhesabu.

Mlango wa chumba ukafunguka. Chiriku akatoka na nguo zake za kulalia. Akapita katikati yao, akigeuza bega kidogo kila hatua, kama mtu anayeomba njia.

Yeye peke yake hakuwa na kisanduku. Si cha kijani, si chekundu.

Kamera haikuona mtu.

Akaja mezani. Akavuta kiti, akavuta sahani, akala. Akamaliza chake, akala changu, akala cha bibi yake. Nilipotazama simu tena korido ilikuwa tupu, na kengele zilikuwa zimekoma.

Jumamosi asubuhi nilimpeleka kwa daktari. Uzito mzuri, mapafu safi, joto limeshuka kidogo tu, mpe vitu vya moto. Mchana nilimwita Antena, na wala sikumweleza chochote. Akanibadilishia kamera. Akamsimamisha Chiriku mbele ya lenzi mpya, akajaribu mara nne.

"Inasema hakuna sura kwenye picha," akasema.

Akajiweka mwenyewe: ikamkubali. Akamweka mama mkwe: ikamkubali. Paka wa jirani alipita juu ya ukuta, kamera ikamwandika mnyama. Akamrudisha Chiriku, akachuchumaa, akamtazama karibu. Sijui aliona nini. Alianza kukusanya spana zake huku akizungumza na sakafu.

"Mzee, mimi ni fundi wa kamera tu."

Aliondoka bila kuchukua ngazi yake. Simu yangu hapokei.

Mama mkwe amehamishia godoro lake sebuleni. Yeye ni bibi yake, hawezi kumwacha. Lakini hamgusi tena. Anaweka sahani mezani, anarudi nyuma hatua mbili, na usiku nasikia anamwita mjukuu wake kwa sauti ya chini, akielekea upande mwingine, upande ambao hakuna mtu.

Nilidhani anachanganyikiwa. Nilidhani hivyo mpaka Jumanne.

Jumanne jioni tulikuwa mezani, mimi na mtoto. Nilikuwa nimemshika mkono. Nimejizoesha kumshika ingawa ni baridi, kwa sababu ni mkono wa binti yangu, una kovu lilelile la wembe kwenye kidole gumba. Alikuwa anatafuna. Simu iliwaka kando ya sahani yangu, bila kelele, kama inavyowaka kwa mtu wa nyumbani.

Chiriku. Ametoka. 12:41 jioni.

Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu.

Nikafungua picha. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Uani palikuwa na kisanduku cha kijani, kidogo. Sentimita mia na kumi na nane. Sikuhitaji kupima, nilimpima mwenyewe kabla ya shule kufunguliwa. Kilikuwa kinaelekea getini. Kilisimama. Kikageuka, nadhani, maana jina liliyumba kidogo. Kikasubiri.

Niliangusha kiti. Nikafungua mlango, nikaita kwa nguvu zangu zote, jina la nyumbani na jina la shule. Ua ulikuwa mtupu na giza lilikuwa linaingia. Kwenye simu kisanduku kilitetemeka. Kisha kikapita getini, na kijani kikaisha.

Nilisimama kizingitini. Nyuma yangu kulikuwa na sauti ya kutafuna. Ikakoma.

"Baba," ikanong'ona, kwa sauti yake, yake kabisa. "Funga mlango. Tunasikia baridi."