Bawaba za Kisanduku cha Mninga

Jua lilikuwa linazama upande wa uwanja wa ndege, na Leonardi alikuwa anarudi kwenye kibanda chake cha useremala pale Kiwalani, pakiti ya skrubu mkononi. Njiani alisalimiwa mara tatu na akaitikia mara tatu, lakini ungemuuliza ni akina nani waliomsalimia asingekwambia. Tangu Eufrazia, mkewe, azikwe miezi minne iliyopita, alikuwa na ganzi. Alikula kwa sababu chakula kimewekwa mezani. Aliranda mbao kwa sababu mbao zipo. Majirani walimsifu, eti ana moyo wa kiume. Moyo gani? Hakuwa nao hata wa kuazima.

Kilichobaki kwake ni Marietha, binti yake wa darasa la pili. Hata huyo, tuseme ukweli, siku hizo alimpenda kwa kukumbuka tu. Alijua anampenda, kama mtu anavyojua kwamba kesho ni Jumatano.

Kwenye benchi la kibanda alimkuta mwanamke ameketi.

"Habari za jioni, fundi." Alisema kwa kunong'ona, kama mwenye mgonjwa chumba cha pili.

"Salama, dada. Karibu."

Mapajani alikuwa na kisanduku cha mninga, ukubwa wa mkoba wa shule, kilichoungwa kwa mkono bila msumari hata mmoja. Kazi ya fundi hasa. Lakini kifuniko kilikuwa kimelazwa tu juu na kukazwa kwa kitambaa cheusi. Kwa nyuma palikuwa na matundu ya skrubu za zamani. Kuna mtu alikuwa ameng'oa bawaba zake.

"Nitilie bawaba mbili," mwanamke alisema. "Nakwenda hapo mbele, adhana ikiisha nitarudi. Ila ukimaliza, usikifunge. Nitakifunga mwenyewe."

Mtu mwenye hofu zake kamili angeuliza maswali. Angesema kazi ni nyingi, njoo wiki ijayo. Hofu ni mlinzi, jamani, na mlinzi wa Leonardi alikuwa amezikwa pamoja na mkewe. Akanyoosha mikono, akakipokea.

Kilikuwa na joto. Joto la mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake mchana kutwa.

Hakushangaa. Aliwasha taa, akapima, akachimba kwa patasi vishimo viwili ili bawaba zilale sawa na mbao. Akakaza skrubu kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, akadondosha tone la mafuta kila upande. Bawaba zilikuwa mpya, zinang'aa, na kifuniko kiliinuka bila sauti.

Sasa, fundi wa masanduku ana desturi yake. Hajui kama kifuniko kimekaa mpaka akijaribu kwa karatasi. Anafunga kifuniko juu ya kipande cha karatasi, kisha anakivuta kile kipande. Kikichomoka kirahisi, pana mwanya. Kikibanwa, kazi imeisha. Leonardi alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini. Aliambiwa asifunge, na alisikia vizuri, lakini fundi gani anakabidhi kifuniko ambacho hajakijaribu? Mikono ilijiendea yenyewe. Kwa kawaida alitumia karatasi ya mfuko wa saruji. Jioni hiyo hakuwa nayo. Juu ya meza, kati ya maranda, palikuwa na daftari la Marietha lililokwisha. Akachana kipande cha jalada bila kukitazama.

Akafunga.

Upande wa kushoto, karatasi ilibanwa vizuri. Kulia, vizuri. Akahamia mbele... akavuta.

Karatasi nayo ikamvuta.

Haikubanwa. Ilivutwa. Taratibu, kutoka ndani, kama mtoto anavyovuta upindo wa gauni la mama yake.

Vidole vyake vikaachia. Karatasi ikaingia yote.

Alikitazama kisanduku kwa muda. Nje adhana ya magharibi ilikuwa inaisha. Kisha akainua kifuniko, na zile bawaba mpya, zenye mafuta, zikalia.

Kriiiii...

Sauti ndefu, nyembamba.

"Abee, baba!" Marietha aliitika kutoka nyumbani, nyuma ya kibanda.

"Sijakuita."

"Umeniita!"

Ndani ya kisanduku hapakuwa na kitu. Karatasi haikuwepo. Ilipanda harufu ya karafuu maiti, halafu ikapotea. Joto nalo lilikuwa limekwisha. Kisanduku kilikuwa baridi, na kizito kuliko alivyokipokea. Leonardi alichukua daftari na kutazama jalada lililochanika. Shule ilikuwepo, darasa lilikuwepo, somo lilikuwepo, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu uliopinda. Kipande alichokichana ndicho kilichokuwa na jina.

"Umekifunga."

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni. Leonardi hakumsikia akija.

"Nilikuwa nakijaribu tu, dada."

"Nilikwambia usikifunge." Hakuwa na hasira. Alikuwa analia, na usoni alikuwa na nafuu ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Ila mafundi wote hufunga. Hata baba yangu alikuwa fundi."

"Mna nini humu?"

"Mlikuwa na jina, Amina," alijibu, akipapasa kifuniko. "Lilikuwa langu. Miaka thelathini naitwa, miaka thelathini naitika, mpaka baba alipozing'oa bawaba. Fundi, nisamehe. Nitwishe."

Na Leonardi akamtwisha. Hapo ndipo panapomuuma mpaka leo. Alikiinua kisanduku kwa mikono yake miwili, akakiweka juu ya kata kichwani mwa yule mwanamke, akamwambia aangalie mtaro. Hakuhisi chochote.

Jumatatu iliyofuata, Mwalimu Herieth alimpigia simu. Marietha alikuwa haitiki jina lake darasani. Alikaa tu, akitazama mbele, mpaka mwenzake amguse bega. Kwenye daftari jipya alikuwa ameandika shule, darasa na somo. Mstari wa jina aliuacha wazi.

"Mwanangu, unaitwa nani?" Leonardi alimuuliza jioni.

Mtoto alifikiri. "Nitaambiwa," alisema.

Mlango wa jirani ukafunguliwa. Kriii...

"Abee!" Marietha alisimama, akaanza kutafuta ndala zake.

Siku ya kwanza aliishia kizingitini. Ya pili aliishia bombani. Ya tatu alishikwa na muuza mkaa kwenye barabara ya lami, anatembea katikati ya magari, mdomo ukisema abee, abee, nakuja.

Leonardi alimweleza Nurdin, mpiga vanishi wa kibanda cha pili, mtu ambaye hata msibani hutania. Siku hiyo Nurdin hakutania.

"Kaka, bawaba umetia wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Wa kuzing'oa ni wewe. Mie najua hilo tu. Katafute kisanduku."

Alikitafuta, bisibisi mfukoni. Kiwalani yote, Ukonga, mpaka Kimara. Karibu na gereza la Ukonga, mama mmoja muuza maandazi alimkumbuka yule mwanamke. Alipita akiimba, alisema, akicheka peke yake kama bibi harusi.

"Alikuwa na kisanduku kichwani?"

"Hapana, baba. Alikuwa mikono mitupu."

Basi kilikuwa kimeshatuliwa mahali.

Aliporudi nyumbani alifanya alichojua kufanya. Alitia mafuta bawaba zote. Akaenda kwa majirani, akawaomba, akatia za kwao. Haikutosha. Mlango wa chumbani ulilia mara moja, na Marietha akatoka mbio hata bila ndala. Hapo Leonardi alichukua bisibisi akang'oa milango. Wa chumbani, wa uani, wa mbele. Aliiegemeza kibandani, akatundika mapazia ya khanga za Eufrazia. Nyumba nzima haikuwa na bawaba hata moja.

Jioni hiyo waliketi mkekani, baba na mwana. Marietha alikuwa anakula wali kwa utulivu. Adhana ilianza, ikaisha. Hakuna kilicholia. Leonardi alimtazama akitafuna, punje ya wali kwenye kidevu, na kitu kikafumuka kifuani mwake, kikali kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Alimpenda. Alimpenda mpaka akaogopa, na hofu ile, hofu yake mwenyewe iliyopotea miezi minne, ikamjaa mwili mzima.

"Marietha," aliita.

Mtoto hakugeuka.

Kriiiii...

Ilitoka mbali. Labda Ukonga, labda mbele zaidi. Sauti ndefu, nyembamba, ya bawaba mbili alizozikaza kwa mkono wake.

"Abee," mtoto alisema, akaweka tonge chini.

Leonardi aliruka kuufunga mlango. Mkono wake ukashika pazia.