Kifurushi cha Shangazi Mdogo

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Kalamu alikaa karibu na cherehani ya mama yake akiandika vipimo vya wateja kwenye daftari. Binti huyo alikuwa na hati nzuri kuliko mtu yeyote pale nyumbani, ndiyo maana akabandikwa jina hilo. Naye alijivunia.

Kwa hiyo mama alipomaliza kushona gauni la mahafali ya Shangazi Mdogo, aliyekuwa anasoma ng'ambo, kazi ya kuandika anwani kwenye kifurushi ilikuwa ya Kalamu. Aliandika kwa mbwembwe: "Kwa Shangazi Mdogo, jengo jekundu nyuma ya duka la mikate, ghorofa ya tatu." Kisha akataja mji na nchi.

"Nyuma andika anwani yetu," mama alisema.

"Ya nini, mama? Si kinaondoka?"

"Wewe andika tu."

Posta, dada wa dirishani aliisoma ile anwani mara mbili. "Una uhakika, mdogo wangu?"

"Asilimia mia, dada!"

Foleni ilikuwa ndefu. Dada akapima kifurushi, akagonga muhuri.

Baada ya wiki tano kikarudi kimechakaa, kimeandikwa: mpokeaji hajulikani. Mahafali yalibakiza wiki tatu. Kalamu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hajulikani vipi? Shangazi anajulikana na kila mtu!"

"Huku kwetu," mama alisema. "Kule ana jina. Unalijua?"

Kalamu alijua la nyumbani tu. Mama humwita wifi, baba humwita Dogo. Ikabidi aulizwe bibi, naye akayataja majina yote matatu taratibu, kana kwamba anamwita mwanawe aje kula.

Kalamu hakukaa kulia. Alimpigia shangazi simu, akaandika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya nyumba na mtaa, mji na msimbo wake wa posta. Nchi akaiweka mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa. Kesho yake akarudi dirishani.

"Dada, safari ile nilijitia najua. Leo nimemuuliza mwenyewe."

"Kuuliza si ujinga," dada alimjibu. "Tena shukuru mliandika anwani yenu nyuma, la sivyo gauni lingepotea."

Gauni lilifika siku nne kabla ya mahafali. Picha ya shangazi ilipoingia kwenye simu, mama alipiga vigelegele mpaka wateja wakachungulia.

Mwezi uliofuata, tarishi alisimama mlangoni na kifurushi kidogo kutoka ng'ambo. Akasoma majina matatu.

"Huyo hayupo hapa," mdogo wake Kalamu akamjibu.

"Nipo!" Kalamu aliruka. "Ni mimi!"

Bibi alicheka hadi akajifuta machozi. "Mjukuu wangu, jina la nyumbani ni la kupendwa. Lakini anayebeba mzigo wako hakujui. Mwandikie yeye, usijiandikie wewe."

Tarishi akafungua kitabu chake. Kalamu akashika kalamu na kuandika jina lake kamili, polepole, kwa ile hati yake nzuri.