Makaa Ndani ya Mtungi

Mimi ni Mbeke. Tunaishi Kitengela na ng'ombe watatu. Mavi yao yanatupa gesi, na gesi inakuja jikoni kwa bomba la mpira. Napika bila moshi.

Mama mkwe wangu, Muthoki, alikuwa anapika kwa makaa kwenye chumba kimoja huko Noonkopir. Moshi ulimharibu kifua. Daktari alisema wazi, "Akiendelea hivi, mtampoteza."

Tulimwomba aje kwetu. Alikataa. "Siwezi kuwa mzigo kwa mke wa mtu," alisema. Kiilu, mume wangu, alilia.

Sasa, Kiilu ni mtu wa kusikia kitu nusu na kukifanya chote. Alisikia redioni kwamba wataalamu wanahifadhi gesi ndani ya kaboni. Na kaboni si ni makaa? Akatwanga makaa, akayajaza kwenye mtungi wa gesi uliochakaa. Akaazima pampu ya fundi wa pancha, ajaze gesi yetu ampelekee mama.

Nailantei, fundi aliyetujengea mtambo wa gesi, alimkuta akiunganisha mpira.

"Kiilu, wacha! Usiwashe hiyo pampu!"

"Lakini redio ilisema..."

"Ilisema ukweli. Hiyo kaboni iko na vitundu vidogo sana, macho hayavioni. Gesi inajishika ndani yake, kwa hivyo nyingi inaingia bila kusukumwa sana. Lakini hiyo inatengenezwa maabara. Haya yako ni ya kuchoma nyama!"

"Si nijaribu tu?"

"Pampu inavuta hewa pia. Hewa na gesi zikichanganyika, cheche moja inalipua. Gesi ya mavi itumie hapa hapa, kwa mpira."

Akatia hewa tupu kidogo kwenye mtungi, akaupaka maji ya sabuni. Povu likatoka kwenye kutu, pande zote; mtungi ulikuwa unavuja.

"Ungeuweka wapi?" akauliza.

"Kando ya kitanda cha mama."

Kiilu akakaa chini. Woi!

Jumapili nilienda Noonkopir peke yangu. "Mwaitu, mama yangu," nikamwambia, "Kiilu hajanituma. Ni mimi mke wa mtu ninayekuomba. Twende nyumbani."

Alinitazama, kisha akaanza kukunja blanketi.

Sasa ni miezi mitatu. Jana, akipika uji, mama aliimba wimbo wa kanisa, beti zote, bila kukohoa. Kiilu alisimama nje ya mlango mpaka alipomaliza.