Eda Chini ya Mnazi

Nilikuwa mkwezi niliyeogopa mnazi. Hakuna namna nzuri ya kulisema.

Mwaka wa arobaini na saba nilianguka kutoka juu ya mnazi mrefu kuliko yote hapa Mzenga, nikavunjika mguu na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mguu uliunga ndani ya miezi minne. Moyo haukuunga. Kila nilipokanyaga kidato cha kwanza, lile pengo tunalochonga kwenye shina ili kupata pa kuweka mguu, magoti yalicheza na jasho likanitoka, nikarudi barazani. Watu walipouliza, niliwaambia nimepigwa husuda. Wakaniamini.

Mke wangu, Mwanakheri, alilima muhogo peke yake misimu miwili, akanilisha. Jioni moja nilimwona anarudi shambani, kuni kichwani, jembe mkononi, mgongo umepinda. Niliona aibu, na aibu yangu ikatoka kama hasira.

"Mwanakheri, nimekuacha talaka moja. Nenda kwa kaka yako kule Janga, ukapate mume anayefanya kazi."

Alitua kuni. Hakulia. Alinawa miguu kwanza.

"Moja?"

"Moja."

"Basi eda yangu nitakaa hapa hapa."

"Nimesema nenda Janga."

"Mke wa talaka moja hukaa eda nyumbani kwa mumewe, na mume humlisha. Kamuulize mwalimu wa chuo cha Kurani kama nimekosea. Mimi chumbani, wewe barazani. Lala salama, jirani."

Nilikwenda kumuuliza mwalimu. Hakuwa amekosea. Miezi mitatu ningeweza kumrejea kwa neno moja tu. Ikipita, yu huru kuolewa na mwingine. Na kuanzia siku ile jina langu likawa jirani. Jirani, uji wako huu. Jirani, jogoo wako kaingia chumbani kwangu. Majirani wa kweli walicheka mpaka wakashika ukuta.

Mwezi wa pili wa eda ulipoanza, kaka yake Mwishehe alikuja kumchukua. Alisema yupo mtu Mlandizi, Twalibu, muuza mpunga aliyefiwa na mkewe, anangojea tu.

"Shemeji," akaniambia, "dada yangu nilimwoza kwa mkwezi, si kwa mlinzi wa baraza."

Mwanakheri ndiye aliyemjibu, kwamba eda haijaisha, na kama yeye Mwishehe anajiita Mwislamu, arudi siku itakapoisha. Mwishehe alikula muhogo, akaenda zake.

Kesho yake alfajiri Mwanakheri aliniita nyuma ya nyumba, kwenye mnazi mfupi. Alikuwa amechana kipande cha kaniki na kukifunga kwenye shina, juu kidogo ya mkono wangu.

"Kanifungulie kitambaa changu, jirani."

"Siwezi."

"Sijakuambia upande mnazi. Nimesema kitambaa."

Nilipanda kidato kimoja, nikakifungua. Kabla sijashuka akaniambia nikifunge palepale juu, mkono wangu unapofika. Kesho nikakifungue tena. Ikawa hivyo kila asubuhi. Yeye alikaa shinani anasuka ukili, anaongea muda wote: mbuzi wa nani kala mihogo ya nani, mwana wa nani kaoa Kibaha bila kuaga. Hakuniuliza kama naogopa. Nilikuwa naishika ile sauti kuliko nilivyoushika mnazi.

Wiki zikapita. Kwenye kidato cha kumi nikakwama. Siku moja, mbili, sita. Kila nikitazama chini, nakumbatia shina na macho nimefumba. Zilibaki siku nne za eda. Nikashuka, nikamwambia afunge mzigo wake, Twalibu ana mpunga.

Aliweka ukili chini.

"Kaa. Nina neno, na ukilisikia utanifukuza kweli."

Nikakaa.

"Siku ile uliyoanguka, nilikuwa natoka kisimani. Nikakuona juu, nikafurahi, nikakuita jina."

Huku kwetu mkwezi haitwi jina akiwa juu. Hata mtoto anajua. Anayemwita ndiye aliyemwangusha.

"Niliita, ukaanguka," akasema. "Hakuna aliyekuroga. Ni mimi. Tangu siku ile sijalitamka jina lako. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Miaka miwili, sikuona.

"Sikukusikia ukiniita," nikamwambia.

"Usinifariji."

"Sikukusikia. Kamba ya miguuni ninayopandia ilikuwa imelika. Niliiona asubuhi ile kabla sijapanda. Nikaona uvivu kusuka nyingine, nikajiambia mimi ni mimi. Ikakatika. Husuda nilijitungia, maana uchawi una heshima kuliko uvivu."

Akanipiga konde la bega, si la mzaha.

"Nimelala na jambo hili miaka miwili."

"Najua."

"Hujui."

Alilia pale, mara ya kwanza tangu nimwache. Alipomaliza alikwenda kuleta nyuzi za makumbi ya nazi. Tukasuka kamba mpya, yeye ncha hii, mimi ncha ile, na vidole vyangu viwili vibovu vikiteleza kila mara. Ile kamba ya zamani nilikuwa nimeificha darini. Nikaishusha, nikamwonyesha mahali ilipokatika. Nilipoishika, nilijua ninachokiogopa ni kitu gani. Kitu cha kusukwa upya.

Siku ya mwisho Mwishehe alifika mapema, akakaa kwenye kinu bila kukaribishwa. Nilikwenda kwenye mnazi ule ule mrefu. Vidato tisa vilikwenda vizuri. Cha kumi, magoti yakaanza. Nikafumba macho.

"Zahoro."

Mwishehe alisimama. Jirani mmoja akasema astaghafirullahi.

"Zahoro," Mwanakheri akarudia, polepole. "Nipo hapa."

Sikuanguka. Nilifungua macho, nikasogeza kamba, nikapanda mpaka kwenye makuti. Kutoka kule juu nikamwambia kwa sauti ya kusikika nyumba zote:

"Mwanakheri, nimekurejea. Mwishehe, wewe shahidi."

"Nimesikia," Mwishehe akajibu. "Sasa angusha madafu, nimetoka Janga sijanywa maji."

Hofu haikuniacha. Hadi leo kidato cha kumi magoti hucheza, nami hungoja niitwe jina.

Uvivu wa asubuhi moja na uongo wa miaka miwili vilikula hivi: vidole viwili visivyokunjika. Misimu miwili ya nazi zilizodondoka zenyewe. Mgongo wa mke wangu, ambao haukunyooka tena sawasawa. Na talaka moja. Kurejea hurudisha mke, hakurudishi talaka. Mume hupewa tatu tu, nami nimebaki na mbili.